Kaseti ya Baba, Kutoka Buruburu Hadi Mutomo

Ilianza Alhamisi tarehe 17 Agosti 1995, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Mama alipowasha taa ya chumba changu na kusema, "Mwende, amka. Na hiyo redio yako ya masikio uibebe vizuri."

Njeri na Katunge, tangu shule ifunguliwe mmekuwa mkiniuliza kwa nini hedifoni zangu za akiba hazina waya, na kila mara nimesema ni hadithi ndefu nikaangalia pembeni. Mnanijua. Nikiambiwa niseme kitu mbele ya watu zaidi ya watatu, mdomo unakauka kama nimekula chokaa. Kwa hiyo nimeandika. Someni, kisha mniache.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baba ni dereva wa lori na mwezi huo alikuwa upande wa Uganda na mzigo. Huku nyuma ukoo wetu ulikuwa umeitisha kikao kule Mutomo, Ijumaa saa nne asubuhi, kuamua mpaka wa shamba la marehemu babu. Hasa lile la chini, lililo kando ya mto wa mchanga, ambalo ndilo lenye kisima. Anko Kioko, mdogo wake Baba, amekuwa akisema ni lake. Baba asiposikika kwenye kikao, mpaka unasogezwa na kisima kinakwenda.

Mwaka uliotangulia Baba alituma barua. Anko Kioko akaisoma, akasema huu ni mwandiko wa Mama. Na kweli ulikuwa wa Mama, maana ni karani na Baba huandika kama kuku anachakura. Wazee wakaikataa. Wakasema wakati mwingine Mulwa, yaani Baba, alete mdomo wake. Basi kabla hajaondoka alijifungia chumbani na redio kubwa ya sebuleni, akajirekodi kwenye kaseti. Mama hakuweza kupata ruhusa kazini, kaka yangu Mutua alikuwa na masomo ya likizo ya Form Four, nikabaki mimi.

Mama alitaka nibebe hiyo redio kubwa. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimweleza kwamba hedi yake, ile sehemu inayosoma utepe, ni chafu, kwamba inameza betri sita kubwa, na kwamba Jumapili iliyopita ilitafuna kaseti ya kwaya mpaka utepe ukatoka kama tambi. Nikasema walkman yangu ni safi, inageuza upande yenyewe, na haijawahi kutafuna chochote. Mama akasema, "Sawa, wewe ndiye mtaalamu." Likumbukeni neno hilo.

Buruburu hadi stendi ya mabasi

Kwenye mkoba nilikuwa na walkman ndani ya soksi. Msicheke, soksi ya sufu ni bora kuliko vile vifuko vya plastiki vinavyouzwa mjini. Halafu kaseti ya Baba, ya dakika sitini. Nilikuwa nimevunja vile vimeno viwili vya juu ili mtu yeyote asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ya dakika tisini nisingeikubali, utepe wake ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Halafu kaseti moja ya kwaya, ya kwangu ya njiani. Biro yenye kona sita ya kurudishia utepe bila kula betri, kwa sababu biro ya mviringo inateleza. Pamba kidogo na spiriti. Hedifoni mbili, zile nzuri za sponji na zile za zamani zinazosikika sikio moja. Na betri mbili mpya. Nilikuwa nimeomba nne. Mama aliuliza, "Baba yako anahutubia Bunge?"

Alinisindikiza hadi Jogoo Road kukiwa bado na giza, akaniambia mambo mawili. La kwanza, nisiisikilize ile kaseti, maneno yale si ya mtoto. La pili, nikifika niwasalimie wazee mmoja mmoja kwa mkono na niache kunong'ona.

Sasa nikiri. Nilikuwa nimeshaisikiliza, sekunde kama thelathini hivi, kuhakikisha sauti imeingia. Baba alikohoa, akasalimia, akakohoa tena. Nikazima.

Stendi hadi Masii

Pale stendi ya Nairobi iitwayo Machakos Airport, ambapo hakuna ndege yoyote, makanga aliniambia basi linaondoka sasa hivi. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Tuliondoka saa mbili na nusu. Kila nilipoinua macho alisema, "Sista, tulia, tumebakisha mmoja tu," na kila huyo mmoja alipopanda akawa hakutosha.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Gikomba anayepeleka nguo za mitumba Kitui. Alijiita Mama Wambui. Alikuwa mtu mwema kabisa na ndiye aliyeniharibia safari.

"Kasichana, hicho kitu ni redio?"

"Ni walkman."

"Sema kwa nguvu, mimi si daktari wa koo."

"Walkman. Ya kaseti."

"Ebu nisikie kidogo."

Nikamvalisha zile hedifoni nzuri, nikampigia kaseti ya kwaya. Akatikisa kichwa nyimbo mbili. Kabla ya Kyumbi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, hedifoni masikioni, walkman imebanwa chini ya mkono wake uliokunjwa. Na walkman yangu, ambayo niliisifu sana kwa Mama, inageuza upande yenyewe. Upande wa kwanza ukiisha, inaingia wa pili. Wa pili ukiisha, inarudi wa kwanza. Haina haya wala kuchoka.

Mtauliza kwa nini sikumwamsha. Nami nilijiuliza hivyo kutoka Kyumbi hadi Machakos, na kutoka Machakos hadi Masii. Nilipanga maneno. "Samahani mama, naomba." Nikayapanga upya. "Samahani mama, betri." Niligusa waya mara mbili. Alikoroma, nikarudisha mkono. Nilikuwa nikisikia ile kwaya kwa mbali, nyembamba, ikila betri za Baba wimbo kwa wimbo, na mimi nimekaa nimeshika mkoba kama mgeni katika safari yangu mwenyewe.

Masii, saa nne nzima za kungoja

Gia ziligoma tukikaribia soko la Masii. Dereva alishuka, akaingia chini ya basi, akatoka, akaenda kutafuta mtu, huyo mtu akaenda kutafuta kifaa, na kifaa kikasemekana kiko Machakos.

Mama Wambui aliamka, akajinyoosha, akavua hedifoni upande mmoja. "Hii kwaya yenu haipumziki?" akaniuliza. Kisha akairudisha sikioni, akasema anamalizia huu. Akamalizia minne.

Niliingia hoteli ndogo ya mabati. Nikaagiza chai na chapati. Mwenye hoteli akainama, akasema nini? Nikarudia. Akasema ndiyo, akaenda, akaniletea matumbo na ugali. Nilimtazama. Alinitazama. "Si ndivyo ulivyosema?" Nikasema ndivyo. Nikala matumbo yote na ugali wote, na mimi matumbo siyapendi hata harufu.

Nilipopata walkman yangu ilikuwa saa tisa kasoro. Mama Wambui alinishukuru kwa kunipa ndizi nne na kunishauri niwe naongea. Niliangalia ile taa nyekundu ndogo ya kuonyesha nguvu. Kawaida inang'aa kama jicho la paka. Sasa ilikuwa kama kaa la mkaa wa jana.

Nikatoa betri, nikaziweka juani kwenye dirisha la basi. Katunge, usiniambie habari ya kuziuma. Kuziuma kunazichubua tu. Jua huzisaidia kidogo, lakini ni kidogo cha uongo, kama mgonjwa anayeketi kitandani wageni wakija.

Kitui

Tulifika Kitui saa kumi na mbili jioni na basi la Mutomo lilikuwa limeshaondoka. Mama alikuwa amenipa jina la rafiki yake wa kanisani. Nikampata, akanilaza, akaniombea, akanipa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mtamu sana ambao nilishindwa kuufurahia.

Asubuhi yake, Ijumaa, nilizunguka soko tangu saa kumi na mbili nikitafuta betri ndogo. Maduka makubwa yalikuwa bado yamefungwa. Kioski kimoja kilikuwa wazi.

"Betri ziko," mwenye kioski akasema, akaweka mbili za tochi mezani, nene kama mirija ya bomba.

"Ndogo."

"Hizi ndizo betri."

"Kuna ndogo zaidi. Kama kidole."

Alinitazama kwa huruma. "Za nini sasa? Hizo za kidole zitamulika nini?"

Kungojea duka kubwa lifunguliwe ni kukosa gari. Kukosa gari ni kukosa kikao. Nikaamua kwamba maneno ya mtu mmoja hayazidi dakika ishirini, na hata betri iliyochoka inaweza dakika ishirini ukiipumzisha. Huo ulikuwa uamuzi wa mtaalamu.

Kitui hadi Mutomo

Nilipata nafasi mbele kwenye lori la soda. Nilikuwa nimening'iniza hedifoni shingoni ili zisibanwe mkobani. Dereva aliziangalia, akaangalia ule waya unaoingia mkobani, akasikitika. Kisha akasogea karibu na sikio langu, akapaza sauti, "Pole sana! Ulizaliwa hivyo ama ni ugonjwa?"

Nilielewa anachofikiri nikiwa nimechelewa kujibu. Alidhani ni vifaa vya kiziwi. Nikafungua mdomo nimwambie, akanipigapiga bega, akasema kwa nguvu hata kijana wetu mmoja wa kule nyumbani alizaliwa hivyo na sasa ni fundi viatu hodari. Baada ya hapo ningemwambia vipi? Kwa saa tatu na zaidi alinipigia kelele. Akaninyooshea kidole kila kilima na kukitaja jina mara mbili. Alinifundisha kwa ishara bei ya kreti.

Kwenye mto mmoja wa mchanga magurudumu ya nyuma yalizama. Tulishusha kreti, tukakata matawi, tukapakia kreti. Saa nne ilinikuta nimepiga magoti mchangani nikichimba kwa sahani ya bati, nikiwaza kwamba huko mbele wazee wanaketi.

Aliponishusha alikataa kuondoka mpaka aone nimevuka barabara. Akapiga honi, kisha akaonekana kukumbuka kwamba sisikii, akapunga mkono.

Darasa la chekechea

Kikao kilikuwa kwenye darasa la chekechea la kanisa, wazee wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Ilikuwa saa tano na nusu. Kwenye kibanda cha pembeni kulikuwa na sufuria kubwa ya muthokoi motoni. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa peke yake upande wa mlango, na aliponiona alifunga macho kidogo kama mtu aliyetua mzigo.

Nilisikia sauti ya Anko Kioko kabla sijaingia. "Nimesema tangu asubuhi, hao wa Nairobi hawaji. Tumalize, tule."

Nikasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Aliyeongoza ni Mzee Ndolo, rafiki wa marehemu babu, mrefu, amevaa koti zito la mvua katika joto lile. Akaniuliza kama nimeleta mdomo wa baba yangu. Nikatoa walkman kwenye soksi.

"Weka tusikie."

Nikaingiza kaseti. Nikashika hedifoni. Na hapo, mbele ya wazee saba na Susu, ndipo akili yangu ilipofika mahali ambapo ilipaswa kufika nikiwa Buruburu.

Walkman haina spika.

Nilifikiria hedi, utepe, vimeno, biro ya kona sita. Niliibebea walkman hiyo mpaka pamba. Sikuwahi kufikiria spika kwa sababu maisha yangu yote sijawahi kutaka mtu mwingine asikie.

"Mbona haisemi?" akauliza mzee mmoja.

"Inasema humu," nikanong'ona, nikionyesha sponji.

Anko Kioko alicheka mpaka kiti kikalia. "Mwaka jana walileta mwandiko wa mke. Mwaka huu wamemleta mtu ndani ya kisanduku na hatoki!"

Nikajaribu kuweka hedifoni ndani ya bakuli la bati na sauti yote juu, huwa inasaidia chumbani kwangu. Baba akasikika kama nzi aliyefungiwa chupani. Nikaona ile taa inapepesa, nikazima haraka.

Mzee mmoja akasema basi tusikilize kwa zamu. Mzee Ndolo akakataa. Kwa ukoo wetu, neno la mtu asiyekuwepo husikilizwa na wote kwa wakati mmoja. Likishaanza, halikatwi mpaka liishe, na kabla halijaisha hakuna anayeinuka, anayekunywa wala anayekula. Hiyo ndiyo sheria na hakuna aliyebisha, hata Anko Kioko.

"Basi mtoto atavaa," Mzee Ndolo akasema, "na kila anachosikia atakitoa kwa mdomo."

"Atatoa anachotaka," Anko Kioko akasema.

"Kioko, huyu Kikamba chake ni cha kuombea maji. Atatunga nini?"

Walicheka wote. Hakuna aliyejua kwamba kwangu kutunga kungekuwa rahisi kuliko kusema. Nilisimama. Mzee Ndolo akanitazama, akanong'ona, "Kwa nguvu, mama."

Nikabonyeza. Baba akakohoa. Nikasema, "Amekohoa." Sijui kwa nini. Kisha akamsalimia Susu, nikamsalimia Susu kwa maneno yake, naye akaitika. Akawasalimia wazee, nikawasalimia, wakaitika wote pamoja. Nilikuwa nikirudia maneno mengine ambayo hata siyajui, yale ya kizee, nikiyabeba kama mayai. Akaeleza kwa nini hakuja. Akaeleza kwamba barua ile iliandikwa na mkewe lakini maneno yalikuwa yake. Halafu akasema, nami nikasema, "Sasa kuhusu shamba la chini, ninachotaka ukoo ujue ni kwamba..."

Sauti ya Baba ikaanza kuzama. Ikawa nzito, ikaburuta, ikawa kama ng'ombe anayelia ndani ya pipa, ikanyamaza.

"Ni kwamba nini?" akauliza Mzee Ndolo.

"Betri zimekufa."

Neno lilikuwa limeanza na halijaisha, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuinuka. Wazee saba juu ya viti vya chekechea. Harufu ya muthokoi ikaingia mlangoni, nzuri, kisha baada ya muda ikawa ya kuungua. Susu aliangalia jiko, akamwangalia Mzee Ndolo. Mzee Ndolo akatikisa kichwa. Sheria ni sheria. Tukaketi tukinusa chakula chetu kikiteketea.

"Kwa hiyo tutakaa hapa mpaka Mulwa arudi kutoka Uganda," akasema Anko Kioko, na safari hii hakucheka, maana alikuwa na njaa.

Kuna fundi wa redio kule Makadara ambaye huniacha nikae kwenye benchi lake kwa sababu siongei. Aliniambia siku moja kwamba betri kubwa na betri ndogo zina nguvu ileile, tofauti ni tumbo tu, ile kubwa inakaa muda mrefu zaidi. Nikasema kitu.

"Nini?" wakauliza.

"Tochi. Nani ana tochi?"

Mzee Ndolo, aliyekuwa ametoka kwake kabla ya jua, aliingiza mkono ndani ya koti lile zito akatoa tochi ya bati. Betri mbili. Nilichukua hedifoni zangu za akiba, nikakata waya wake kwa meno. Mnajua nyaya za hedifoni zimepakwa rangi ambayo haipitishi umeme, na ukizikwangua zinakatika. Lazima uchome ncha. Nikaomba kiberiti. Nikachoma ncha nne, nikapangusa masizi kwa ile pamba yangu, nikaingiza mbili ndani ya walkman pale betri ndogo zinapogusa. Zikatoka. Nikazirudisha, zikatoka tena.

Anko Kioko alikuwa akinitazama mikono. Yeye ni mchonga vinyago. "Leta hapa," akasema kwa hasira, "utatuzeesha." Akatoa kisu chake kidogo, akaokota gunzi la mahindi sakafuni, akachonga kabari mbili ndogo sawasawa kabisa, akazibana zile nyaya. Kisha akazipanga betri za tochi moja nyuma ya nyingine, akazikamata katikati ya viganja vyake, nyaya chini ya vidole gumba. "Haya. Mimi nitashika. Aseme amalize."

Taa ikawaka nyekundu kali. Nikarudisha utepe kidogo kwa biro.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Anko Kioko, aliyetaka kisima, ameketi mbele yangu akiwa ndiye anayeshika betri. Akilegeza kidole kimoja, Baba ananyamaza. Hakulegeza.

"...ni kwamba baba yetu alinionyesha mpaka kwa mkono wake, na Ndolo alikuwepo. Kisima kiko upande wangu. Kioko atachota maji siku zote, yeye na watoto wake na mifugo wake, na hataniomba. Lakini mpaka ubaki ulipo."

Nilisema yote hayo nikimwangalia usoni, maana hapakuwa na kwingine pa kuangalia. Halafu Baba akasema jambo jingine, na mimi sikulisema.

Masikio yaliungua. Baba akaendelea, nikamfuata kwenye sentensi iliyofuata, nikasema wasalimieni walio nyumbani, akaaga, akakohoa, basi.

"Limeisha," nikasema.

Wazee wakaanza kuinua magoti. Anko Kioko hakuinuka. "Halijaisha. Kuna neno amelimeza. Nilimwona, mdomo ulisimama." Akawageukia. "Labda ndugu yangu amenipa kitu na mtoto anakificha."

Mzee Ndolo akaniuliza kama ni kweli. Nikaitika kwa kichwa. Akasema nilitoe. Nilijaribu, haki ya Mungu nilijaribu. Hakuna kilichotoka.

"Nipe mimi," Anko Kioko akasema.

Tukabadilishana. Mimi nikashika betri, ambazo zilikuwa na joto la viganja vyake, yeye akavaa hedifoni, sponji zikakaa juu ya masikio kama uyoga. Nilimrudishia utepe mbali kidogo kuliko ilivyohitajika. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika mapema, kabla ya kufika pale, nadhani kwenye jina lake. Yeye na Baba walikuwa hawajasemezana miaka minne. Akapaza sauti, kama kila mtu anayevaa hedifoni anavyofanya, "Bado anakohoa vilevile!"

Kisha akavua, akaziweka magotini. Angeweza kusema chochote. Mimi peke yangu ndiye ningejua, na mimi ndiye nisiyesema.

"Anasema kazi yake ni ya barabara," Anko Kioko akasema polepole. "Anasema akifia huko kabla hajajenga, sehemu yake isimamiwe na Mwende. Si mwingine. Ndivyo alivyosema."

Mzee mmoja akaguna kwamba msichana ataolewa aende zake, na mwingine akasema hilo ni la kujadiliwa siku nyingine. Mzee Ndolo akasema hakuna wa kujadili, neno la asiyekuwepo limesikika na wote, mpaka unabaki, na kesho asubuhi upandwe mkonge. Kisha tukaruhusiwa kula. Muthokoi ulikuwa mweusi hadi katikati. Tulikula wa juu.

Susu aliniuliza chini chini kwa nini sikulisema neno lililo zuri kwangu. Nikamwambia lilikuwa na jina langu ndani. Akaniongezea wa juu.

Jumamosi

Asubuhi iliyofuata nilishuka na jembe hadi shamba la chini. Mzee Ndolo aliketi kando ya kisima kutushuhudia. Miche ya mkonge ilikuwa kumi na miwili. Anko Kioko alishika kamba upande wa mto, mimi upande wa juu, na kila tulipoinyoosha tulipima, nikachimba, nikapanda.

Tulipofika mche wa saba nilimwona amesogea. Hatua mbili ndani ya upande wetu, taratibu, akijifanya anakwepa mwiba. Mzee Ndolo alikuwa akiangalia kwingine.

"Anko," nikasema.

Akainua kichwa, akaweka mkono sikioni. "Nini? Sikusikii!"

"Rudi nyuma hatua mbili!" nikapaza sauti.

Alisimama kidogo. Akarudi, akaivuta kamba ikanyooka. Nikachimba shimo.